Samaki wa Ndoo Moja

Samaki wa mapambo huingia katika nyumba zetu za mjini kwa mlango wa macho. Mtu hupita mbele ya duka jioni akitoka kazini, amemshika mtoto mkono, akaona vioo vilivyowashwa taa na ndani yake viumbe vyekundu, vya buluu na vya manjano vikienda na kurudi. Husimama kidogo. Kabla hajauliza bei, mtoto amekwisha mchagua mmoja, na baba naye amekwisha mchagua mwingine. Maji watakamoishi viumbe hao hayajafikiriwa bado, wala joto la maji hayo, wala ni nani atakayeyabadili. Ndugu msomaji, kama unakusudia kufanya ununuzi wa namna hiyo, nakuomba uuahirishe kwa mwezi mmoja tu, nami nitajitahidi kukueleza kwa nini mwezi huo haupotei bure.

Mambo haya yamenifikia kwa njia ya mjukuu wangu wa miaka tisa, ambaye mjomba wake alimletea tangi la kioo likiwa tupu. Tangi lenyewe si kubwa: urefu wake sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Ukizidisha hesabu hiyo utapata lita 54, na ukitoa nafasi ya mchanga, mawe na vidole viwili vya hewa juu, maji yenyewe hubaki yapata lita 45. Kwa macho ya mtoto hiyo ni bahari. Alikwisha kuandika katika daftari lake la shule orodha ya samaki 23 aliowaona katika maduka matatu ya hapa Dar es Salaam, kila mmoja na rangi yake, na wote alitaka waishi pamoja kwa amani. Mama yake, ambaye ni mkwe wangu, aliisoma orodha ile mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa adabu yake ya siku zote: "Baba, samaki sikatai. Lakini maji hapa kwetu hayatoki kila siku, na anayeyapandisha ngazi mpaka ghorofa ya tatu ni mimi. Nitatoa ndoo moja kila Jumapili. Ikizidi hapo, samaki wenyewe watafute pa kwenda."

Mtoto alinuna. Mimi sharti lile lilinipendeza, kwa maana lilikuwa mizani bora kuliko yoyote ambayo mwenye duka angetupatia.

Samaki hana choo cha nje. Ndani ya maji yaleyale hula, hupumua, hulala na hujisaidia, na sehemu kubwa ya uchafu wa mwili wake hutoka kwa njia ya matamvua ikiwa amonia, kemikali ambayo hata ikiwa kidogo huyaunguza matamvua hayohayo. Mtoni uchafu huo huchukuliwa na mkondo. Ziwani hupotea katika maji mengi. Katika tangi hubaki palepale, na mlinzi wa pekee ni bakteria wasioonekana kwa macho, ambao hujijenga juu ya mchanga, juu ya mawe, na hasa ndani ya sponji ya chujio. Hao huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wenzao huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki aweza kuivumilia mradi isiwe nyingi. Bakteria hao huhitaji majuma manne mpaka sita kuzaliana kiasi cha kutosha. Huo ndio mwezi niliokuomba. Tangi huwekwa maji, chujio huwashwa, na kila siku hutupiwa chembe chache za chakula cha samaki ili zioze na kuwalisha bakteria. Ama, ikiwa una rafiki mwenye tangi la siku nyingi lisilo na maradhi, muombe kipande cha sponji yake iliyochafuka, nacho kitakupunguzia siku.

Naitreti, kwa upande wake, haiondoki yenyewe, ila ile kidogo inayoliwa na majani ya majini. Iliyobaki hutolewa kwa ndoo. Ndoo zetu hizi za lita 20, ambazo hakuna mwenye akili azijazaye mpaka ukingoni apandapo ngazi, hufika juu zikiwa na lita 15 hivi. Katika tangi la lita 45 hiyo ni theluthi moja ya maji yote, kiasi kinachofaa kabisa kubadilishwa kila juma, kwa sharti kwamba samaki waliomo ni wachache na wadogo. Wakiwa wengi au wakubwa, ndoo moja haitoshi, na mkwe wangu alikwisha sema.

Uchache huu si jambo geni. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London aitwaye Robert Warington alieleza jaribio lake la kuweka samaki na mimea katika chombo kimoja cha kioo mpaka vikatunzana. Chombo chake kilikuwa cha galoni 12 za Kiingereza, ambazo ni lita 54 na kidogo, yaani sawasawa na tangi la mjukuu wangu. Alitia samaki wawili wadogo. Wawili! Tena aliwapandia majani, na majani yalipoanza kuoza akaongeza konokono wa kuyala. Nilipomsomea mtoto habari hiyo alinitazama kwa mashaka, akaniuliza kama yule bwana hakuwa na fedha za kununua wengine.

Sasa tuje kwenye joto, ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya hulitaja kwa namna isiyotufaa sisi. Huko mtu huambiwa anunue kipashio cha umeme ili maji yasipoe. Kwa mkaaji wa Iringa, Mbeya au Nairobi shauri hilo ni jema, kwa kuwa usiku wa Julai huko maji hupoa kupita kiasi. Kwa sisi wa pwani taabu ni kinyume chake: mwezi wa Februari maji ya tangi hufika nyuzi 29 na 30 za Sentigredi bila kupashwa na mtu. Maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi. Lita moja yenye nyuzi 20 yaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni. Ikifika nyuzi 30 hushika kama 7 na nusu tu, na wakati huohuo mwili wa samaki, ukichochewa na joto, unadai oksijeni zaidi. Aidha, amonia huwa kali zaidi katika maji yenye joto na yenye chokaa. Ongeza hapo umeme ukatikao, pampu ya hewa ikanyamaza saa nne au tano, utaona kwamba tangi lililosongamana samaki haliwezi kuuvuka usiku huo. Walio wachache watauvuka, hasa ukiwa unachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu mara kwa mara. Tumelifanya zoezi hilo kwa zamu, mimi na mjukuu, kwa mwanga wa kandili, na sikumbuki lini tulizungumza mengi kama usiku ule.

Basi tulikaa na daftari, tukaanza kufuta. Nilimwachia kalamu mwenyewe, nami nikawa mtoaji wa sababu.

Wa kwanza kufutwa alikuwa samaki wa dhahabu. Watu wengi humdhani ndiye mwepesi kuliko wote, pengine kwa sababu katika picha huonekana akizunguka ndani ya bakuli. Huyu ni jamaa wa kapi, aliyefugwa na Wachina kwa zaidi ya miaka elfu moja, na maji anayoyapenda ni ya baridi kuliko yetu. Hula sana, huchafua sana, na akitunzwa vema hufikia urefu wa sentimita 20 na zaidi na kuishi miaka mingi kuliko baadhi ya mbwa. Bakuli si nyumba yake. Ni mahali anapofia polepole mbele ya macho ya watu.

Wa pili ni oska wa Amerika ya Kusini. Dukani ana urefu wa kidole cha mtoto, na macho yake yana namna ya kumtazama mtu kama anayemfahamu, jambo ambalo huwauza upesi. Akikua hupita sentimita 30, na jirani zake wote watakuwa wamo tumboni. Wa tatu ni yule mweusi mwenye mdomo wa kunyonya vioo, ambaye wauzaji humwita mfagiaji. Husemwa kwamba ukimtia, hutahitaji kusafisha tena. Ukweli ni kwamba naye hujisaidia kuliko anavyofagia, na aina iuzwayo zaidi hukua ikawa sawa na mkono wa mtu kutoka kiganja hadi kiwiko.

Kisha wakaja mbuna wa Ziwa Nyasa, na hapo kalamu ilisita. Ni wazuri mno hawa, buluu na manjano kama vitambaa vya sikukuu, tena ni wa kwetu, na mtoto aliuliza kwa haki kabisa iweje samaki wa nyumbani wasifae nyumbani. Lakini mbuna ni watu wa miamba na mipaka. Kila dume hujichukulia shimo lake na kulipigania mchana kutwa, na ziwani anayeshindwa hukimbilia jiwe jingine. Katika sentimita 60 hana pa kukimbilia. Wafugaji wenye uzoefu huwapa tangi la lita 200 au zaidi.

Jirani yetu mmoja, fundi wa kushona, aliwatia mbuna wanne, samaki wa dhahabu wawili na mfagiaji mmoja katika tangi la lita 40, siku ileile aliyolinunua. Mwenye duka alikuwa amemwambia kwamba samaki hukua kwa kadiri ya chombo chake, kwa hiyo asiwe na wasiwasi. Maneno haya yamekwisha kuwa kama methali, na yafaa yakomeshwe. Samaki adumaaye katika chombo kidogo hadumai kwa hiari. Amedumazwa na maji yake mwenyewe, kama mtoto adumaavyo kwa njaa na maradhi, na hatimaye hufa kabla ya umri wake. Kwa fundi haikufika huko. Siku ya nne maji yaligeuka meupe kama ya kuoshea mchele, siku ya tisa akabaki mbuna mmoja aliyeraruka mapezi. Watoto wake watatu walilaumiana juu ya nani aliyewalisha kupita kiasi, hata mdogo akapigwa, ilhali hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kosa. Haya ndiyo yanayoniudhi katika biashara hii. Mzazi hununua kitu cha kuwafundisha watoto huruma, naye huuziwa msiba.

Aliyemhuzunisha mjukuu wangu kumfuta kuliko wote ni neoni, kile kisamaki cha Amazon chenye mstari wa buluu unaowaka na mwingine mwekundu. Kwa ukubwa angefaa, kwa maana hazidi sentimita nne, na kundi la saba au wanane lingetosha katika tangi letu. Walakini neoni hutoka katika maji laini yasiyo na chokaa, na hupenda nyuzi 21 mpaka 26. Maji yetu sisi, hasa yale ya visima virefu ambavyo mitaa mingi ya jiji huvitegemea wakati ya Mto Ruvu yanapokosekana, yana chokaa na mara nyingine chumvi, na joto lake nimekwisha litaja. Aweza mtu kuyalainisha maji kwa dawa na vichujio. Aweza pia kufuga kondoo wa sufu Kariakoo.

Alibaki beta wa Thailand, samaki apiganaye, ambaye serikali ya nchi hiyo ilimtangaza mwaka 2019 kuwa mnyama wa majini wa taifa. Huyu nampa alama nyingi. Ana kiungo maalumu kichwani kimwezeshacho kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo umeme ukikatika hahangaiki, na joto letu ndilo joto la kwao. Lakini dume lazima akae peke yake asimwone dume mwenzake, na akiwekwa na samaki wenye mikia mirefu huenda akaidhani mikia hiyo ni ya hasimu wake. Kwa mtu mwenye chumba kimoja na lita 20 tu, beta mmoja, majani kidogo na kifuniko ni chaguo la busara kuliko msafara wa samaki kumi. Tafadhali tu usimweke katika gilasi kama wafanyavyo dukani. Kwamba aweza kupumua hewa haimaanishi kwamba aweza kuishi ndani ya mkojo wake. Mjukuu alisema hataki samaki mmoja mwenye hasira. Alitaka wenye kuzungumza wao kwa wao.

Ndipo tukawafikia gapi, ambao mtoto alikuwa amewaandika chini kabisa ya ukurasa kwa sababu walikuwa wa bei ndogo kuliko wote. Bei ndogo huwafanya watu wamdharau. Asili yake ni Venezuela, Trinidad na visiwa vya jirani. Amesambazwa katika nchi nyingi za joto ili ale viluwiluwi vya mbu, na kote huko ameishi, jambo linaloonyesha ustahimilivu wake. Maji ya chokaa huyapenda, chumvi kidogo huivumilia, nyuzi 28 kwake ni hali ya kawaida. Dume hana urefu wa zaidi ya sentimita tatu hivi, na mkia wake ni kama kanga iliyotandazwa upeponi. Hakuna dume wawili walio sawa kabisa.

Tatizo la gapi ni uzazi. Hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, takriban kila baada ya majuma manne, na jike mmoja aweza kuzaa 20, 30 au zaidi kwa mara moja. Tena jike huhifadhi mbegu za dume mwilini mwake kwa miezi kadhaa, hata ukimnunua peke yake atakuzalia. Mwenye kuanza na jozi tatu atajikuta kabla ya mwaka kwisha na umati usiobebwa na ndoo yoyote. Dawa yake ni nyepesi: nunua madume matupu. Kumtambua dume si kazi. Ni mdogo, mwenye rangi, na pezi lake la chini ya tumbo limechongoka kama njiti. Jike ni mnene, amefifia, ana doa jeusi karibu na mwisho wa tumbo. Mwambie mwenye duka akuchotee mmoja mmoja, usikubali kikombe kizima.

Jina lake gapi lilitokana na Robert John Lechmere Guppy wa Trinidad, aliyepeleka samaki hao London, na mtaalamu wa jumba la makumbusho la huko, Albert Günther, akawapa jina la kumheshimu mwaka 1866. Baadaye ikaonekana kwamba mtaalamu mwingine, Peters, alikwisha kuwaeleza mwaka 1859 kwa samaki waliotoka Venezuela, kwa hiyo jina la kitaalamu likawa lake. Jina la gapi likabaki midomoni mwa watu. Nalitaja jambo hili kwa sababu Günther huyohuyo ndiye aliyeheshimiwa kwa jina la samaki wetu wa Unguja, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa mwaka 1893. Na hapa naomba msomaji anivumilie, maana huyu wa Unguja ndiye anayeniamsha usiku.

Katika nyanda za pwani yetu, mvua za masika zikinyesha, madimbwi hujaa mabondeni, kando ya barabara, hata penye nyayo za ng'ombe. Baada ya muda mfupi huonekana ndani yake visamaki vya urefu wa vidole viwili, madume yakiwa na mikia mizuri myekundu na magamba yang'aayo. Kiangazi kikija dimbwi hukauka, nao hufa wote. Masika mengine wapo tena! Nimewasikia watu wakisema kwamba hunyesha pamoja na mvua, na mtu asiyejua sababu hawezi kulaumiwa kwa kusema hivyo. Siri imo katika tope. Kabla ya kufa hutaga mayai ndani yake, na mayai hayo hulala katika udongo uliokauka na kupasuka, yakingoja miezi mingi, mpaka maji yarudi ndipo yaanguliwe. Kwa kuwa muda ni mfupi, ukuaji nao ni wa haraka mno: mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba aina moja ya ukoo huu iishiyo Msumbiji iliweza kukomaa katika siku 14 tangu kuanguliwa.

Dume mmoja na majike wawili au watatu wa samaki huyu wangekaa vizuri katika tangi letu, likiwa na kifuniko madhubuti, kwa maana huruka. Joto la pwani ni lao. Lakini hupenda chakula kilicho hai kuliko cha kopo, na maisha yao hata yakitunzwa hayapiti sana mwaka mmoja. Nilimweleza mtoto wazi kwamba akiwachagua hao atawazika, na kwamba kazi yenyewe ingekuwa kutunza mayai katika udongo mbichi ili kizazi kifuate. Alifikiri kwa siku mbili. Akasema, "Babu, hao tungoje nikiwa mkubwa." Sikubishana naye, ingawa kwa miaka yangu nisingeahirisha mambo namna hiyo. Jambo moja tu linanitia haraka: madimbwi hayo ndiyo ya kwanza kufukiwa kila kiwanja kipya kinapopimwa, na aina kadhaa za ukoo huu zimekwisha ingia katika hesabu ya viumbe walio hatarini.

Ziwa Tanganyika nalo lina zawadi kwa mwenye tangi dogo. Pamoja na kina chake cha mita 1,470, linao samaki wasiofika sentimita tano, waishio ndani ya makombe matupu ya konokono yaliyolala juu ya mchanga. Kila mmoja ana kombe lake. Hulifukia kwa mdomo, hulifukua, huligeuza, akimwona mpita njia huingia ndani kama mtu afungaye mlango. Mmoja wao, Neolamprologus multifasciatus, ni miongoni mwa samaki wadogo kabisa wa jamii ya sato. Maji ya chokaa ndiyo maji yao ya kuzaliwa, na kundi dogo lenye mchanga na makombe kumi litaridhika katika sentimita 60. Rangi yao ni ya kahawia yenye mistari, haiiti mpita njia. Mimi ningewachukua hao. Lakini tangi halikuwa langu, na maduka tuliyoyafikia hayakuwa nao.

Wakabaki gapi. Siku ya kwenda kununua tulibeba kipoozeo cha kuwekea soda, ili mfuko wa samaki usichemke katika daladala. Nilimfundisha mtoto kutazama kabla ya kuonyesha kidole: kama tangini mwa muuzaji mmewekwa samaki aliyekufa asiyeondolewa, toka, hata kama wengine wanacheza, kama mapezi yamekunjwa mwilini, au kuna vidoadoa vyeupe kama chumvi, au anahema juu ya maji, mwache. Muombe mwenye duka awalishe ukiwaona. Samaki mzima hukimbilia chakula. Asiyekimbilia ana siri yake. Muuzaji wetu alitucheka kidogo, kisha akatulisha watatu mbele yetu na kutuambia tusimchukue yule wa njano. Kwake nitarudi. Nyumbani mfuko ulielea juu ya tangi robo saa, tukauongezea maji ya tangi kidogokidogo, ndipo tukawachota kwa kijivu na kuyamwaga maji ya dukani. Maji ya bomba yanayoongezwa kila juma hulala kwanza katika ndoo wazi siku nzima ili klorini iondoke.

Walikuwa madume sita. Ni sita tu, nami nimewasikia wageni wakiuliza kama wengine wamefichwa. Tangi limekaa juu ya meza ya mninga, kwa kuwa maji, mchanga na kioo kwa pamoja hupita kilo 60, mbali na dirisha ili jua lisiotesha utando wa kijani. Kila Jumapili ndoo moja hupanda ngazi, na maji machafu yatokayo tangini, yenye naitreti ile niliyoieleza, humwagiwa mchicha wa mkwe wangu katika makopo ya rangi barazani. Mchicha huo umekuwa na majani ambayo jirani wa chini huomba, na tangu hapo sijasikia tena neno juu ya uzito wa ndoo.

Likibaki jambo moja ni la watu wanaochoka. Mtu akihama au akishindwa, huona huruma kuwaua samaki wake, akawamwaga katika mfereji au mto akidhani amewapa uhuru. Sisi wa nchi hizi tuna sababu ya pekee ya kutofanya hivyo. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 kwa nia ya kuongeza mavuno, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu waliokuwa humo tu duniani zilikuwa zimetoweka. Gapi si sangara, lakini katika dimbwi la visamaki vya masika aweza kula vichanga na kunyang'anya chakula. Mpe mwenzio, au mrudishie mwenye duka hata bila malipo.

Mwezi uliopita mmoja wa wale sita alikufa, yule mwenye mkia mweusi, akiwa na umri wake, kwa maana gapi huishi miaka miwili hivi. Mtoto alimzika katika kopo moja la mchicha. Tangi lina watano sasa, na ndoo ina nafasi ya mmoja. Daftari limetolewa tena kabatini, naye bado hajaamua.